Mfereji Uliogeuka Mto: Mwongozo wa Kuutunza Tana kwa Watu wa Garsen na Vijiji vya Delta

Mwulize mtoto wa Kipini Mto Tana unaingia wapi baharini, atakuonyesha kwa kidole. Babu wa babu yake angekuonyesha kwingine. Katika karne ya 19 maji yaliyopita Kau na kumwagika Kipini yalikuwa ya mto mwingine, Ozi, na Tana ulikuwa na mlango wake upande wa kusini-magharibi. Sultani wa Witu, Ahmed aliyeitwa Simba, akaamuru uchimbwe mfereji mahali paitwapo Belezoni ili mitumbwi yenye mizigo itoke Tana iingie Ozi bila kupita baharini. Ulikuwa mfereji wa mitumbwi tu. Mafuriko yakaja yakaupanua, yakarudi tena, na mwishowe mto ukahamia humo. Tana wa leo umefuata jembe.

Naanza na Belezoni kwa sababu kila kiangazi, kati ya Garsen na kijiji cha Ozi, kuna mtu mwenye jembe anayefikiria kukata ukingo kidogo tu, apate maji ya mpunga wake. Nchi hii ni tambarare na udongo wake ni laini. Mto ukipata upenyo hauombi ruhusa. Ukitoka kwenye mkondo wake, kijiji kimoja kinazama na kingine kinabaki na mchanga mtupu ambako jana kulikuwa na kivuko.

Makala haya ni ya watu wanaoishi na mto huo: mkulima wa Ngao, mfugaji wa Bilisa, mvuvi wa Shakababo, mama anayeteka maji Idsowe. Yanaeleza sheria inasema nini, wazee walikuwa wakifanya nini, na mlango gani ubishwe jambo likiharibika.

Maji ni ya mbali, ukingo ni wenu

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, takriban kilomita 1,000. Maji yake huanza Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, yakapita kwenye mashamba ya chai na kahawa, kisha yakaingia katika mabwawa matano ya umeme: Kindaruma la mwaka 1968, Kamburu la 1974, Gitaru la 1978, Masinga la 1981 na Kiambere la 1988. Nairobi nayo hunywa humo humo, kupitia bwawa la Ndakaini huko Murang'a. Ukishapita Garissa, mto haupati tena kijito cha kudumu hata kimoja. Zinazobaki ni laga, ambazo huleta maji siku chache za mvua kisha zikakauka.

Mtu wa Garsen akisikia hayo huhisi mambo yake yalishaamuliwa Embu na Nairobi. Nusu ya hisia hiyo ni kweli. Maji kiasi gani yatafika na yatafika lini, hilo linategemea mvua ya milimani na mabwawa. Matope pia hutoka huko, na ndiyo maana tangu 2015 kuna mfuko wa maji wa Tana ya juu unaowasaidia wakulima wa milimani kuchimba makinga maji na kupanda nyasi za kuzuia udongo. Ni kazi njema na inafaa isemwe. Lakini hakuna mtu wa Nairobi anayekuja Ngao kukata mkuyu ulioshika ukingo. Hilo tunalifanya wenyewe.

Mita thelathini

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinataka ukanda wa kando ya mto uachwe bila kujengwa wala kulimwa ovyo. Upana wa ukanda huo ni sawa na upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6 na usizidi mita 30 kila upande. Tana wa huku ni mpana, kwa hiyo hesabu mita 30. Ni hatua 30 ndefu za mtu mzima.

Zinahesabiwa kutoka wapi? Hapo ndipo ubishi huanzia. Kanuni inataja alama ya juu kabisa ya mafuriko. Kwa mto wa milimani hesabu hiyo ni rahisi. Kwa delta, ambako mafuriko hutanda hadi macho yakachoka, ingekuwa kumfukuza kila mtu shambani kwake. Msiimalize hoja hii kwa maneno ya barazani. Waiteni maafisa wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, waje waweke vigingi wazee wakiwa wamesimama hapo na wenye mashamba pia. Ofisi ya WRA inayoshughulikia Tana ya chini iko Garissa. Kigingi kilichowekwa mbele ya watu hakihamishwi usiku kwa urahisi.

Najua kwa nini watu hulima hadi mdomoni mwa mto. Udongo wa pale una unyevu, na mahindi ya ukingoni hukomaa wakati ya mbali yamenyauka. Ila ukingo uliolimwa kila msimu hauna mizizi ya kuushika, na maji yakijaa huanguka kwa vipande, shamba na mwenye shamba wakarudi nyuma pamoja. Njia ya katikati ipo: ule ukanda usiguswe na jembe, lakini ubaki na miti inayokulisha. Miembe ya zamani iliyo kingoni mwa vijiji vya Wapokomo ni hazina ya mto pia, maana mizizi yake inafanya kazi usiku na mchana. Iacheni.

Palipo wazi, pandeni miti inayoujua mto. Mkuyu huota kwa kipandikizi: kata tawi lenye unene wa mkono, lichomeke maji yanapopungua na udongo ungali na unyevu. Mkindu hupenda maji karibu, na tena hutoa ukindu wa kusuka mikeka. Matete yaliyo kwenye mstari wa maji yasichomwe moto, kwa kuwa ndiyo yanayopunguza kasi ya mkondo. Mkaratusi haufai hapa, hunywa mno. Miche izungushiwe miiba mwaka wa kwanza kwa ajili ya mbuzi. Kiboko naye ana njia yake ya kutoka majini kwenda malishoni. Itambueni na muiache wazi, la sivyo atapita juu ya miche yenu, na hakuna atakayemshtaki.

Misitu hii ya kingoni ina wageni wake wa kudumu. Juu kidogo ya Garsen kuna Hifadhi ya Nyani ya Mto Tana, iliyoanzishwa mwaka 1976 kwa ajili ya mbega wekundu na aina moja ya nyani, ambao hawapatikani porini mahali pengine popote duniani. Msitu wao unaishi kwa maji yanayopenya chini ya ardhi kutoka mtoni. Mto ukihama, msitu hufa umesimama.

Malka

Sasa tuje kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko upandaji miti wote.

Malka ni njia ya mifugo kushukia mtoni. Neno hili la Waorma, watu wa mifugo, sasa ni la kila mtu Tana River, na Mpokomo naye hulitumia anapoeleza mpaka wa shamba lake. Zamani kila malka ilikuwa na jina, na kila kijiji cha wakulima kilijua ng'ombe watapita wapi kiangazi kikikaza. Mashamba yalijipanga kando ya mto, na kati yake zikaachwa malka. Watu wa jembe na watu wa fimbo waligombana, ndiyo, lakini waligombana juu ya mpaka ambao wote waliujua.

Malka zikaanza kuzibwa. Upimaji wa ardhi ya kilimo ulichora mashamba yanayogusana bila kuacha pengo. Miradi ya umwagiliaji ikachukua sehemu nyingine, na mti wa mathenge ukafunika zilizobaki. Ng'ombe mwenye kiu hasomi ramani. Malka moja ikizibwa, kundi litafungua njia kumi katikati ya mahindi, na kila njia ni jeraha jipya ukingoni. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, ugomvi wa ardhi, malisho na maji, uliochochewa na siasa za uchaguzi, uliua zaidi ya watu 100 katika delta, kuanzia Riketa, kisha Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao na Nduru. Wenye makaburi hawahitaji kuelezwa na mwandishi. Nayataja hayo kwa sababu wapo wanaodhani kutunza mto ni kazi ya watu wapendao ndege.

Basi malka hufufuliwaje? Kwa miguu kwanza. Wazee wa Gasa wa Wapokomo na wazee wa Matadeda wa Waorma watembee ukingo pamoja, kutoka mwisho wa eneo hadi mwisho, wakiwa na vijana watakaokumbuka baadaye na wanawake, ambao ndio wanaoteka maji na wanajua mamba hukaa wapi. Kila malka itajwe jina lake, iandikwe upana wake na shamba linalopakana nayo kila upande. Iliyozibwa ijadiliwe peke yake: je, inafunguliwa, au mwenye shamba anatoa njia nyingine karibu?

Halafu mtazame umbo la mto. Tana hupinda kama nyoka. Upande wa nje wa kona maji hukimbia na kukata ukingo; upande wa ndani hutulia na kuacha mchanga. Malka iwe upande wa ndani wa kona. Kosa la kuweka njia ya ng'ombe upande wa nje limeondoa mashamba mengi kuliko viboko. Mteremko ukatwe uwe wa polepole, ujazwe mawe au murram, na ikiwezekana maji yapampiwe hadi kwenye birika lililo mbali na ukingo, ng'ombe wanywe hapo bila kukanyaga mdomo wa mto wala kuacha kinyesi majini.

Makubaliano yaandikwe. Najua wazee wetu waliheshimu neno bila karatasi, lakini siku hizi mzee hufa na mwanawe huuza shamba kwa mtu wa mbali asiyemjua mtu yeyote. Nakala moja iende kwa chifu, nyingine kwa serikali ya kaunti, nyingine ibaki kwa chama cha maji. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaitambua haki ya malisho katika ardhi ya jamii, na jamii iliyosajiliwa inaweza kujitungia kanuni zake. Andikeni pia fidia: ng'ombe akila mpunga, nani anakadiria hasara, na inalipwa ndani ya siku ngapi; ng'ombe akikatwa panga, vivyo hivyo. Na kwa kuwa kiangazi huleta makundi kutoka Garissa, Ijara na Lamu, kanuni iseme wazi kwamba mzee hutangulia kabla ya kundi, akaonyeshwa malka na siku zake. Mgeni aliyepokewa ni rahisi kumkanya.

Ndoo, pampu na mfereji

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inatofautisha mambo haya matatu zaidi ya watu wengi wanavyodhani. Anayeteka kwa ndoo au mtungi kwa matumizi ya nyumbani hahitaji kibali cha mtu. Asidanganywe na yeyote anayedai ada mtoni. Anayeweka pampu kumwagilia shamba anahitaji kibali cha WRA, hata kama pampu ni ndogo ya kubebwa begani. Wakulima wengi hawana, na hawaombi kwa kuogopa gharama. Njia nafuu ni kuomba kama kikundi. Kibali kina faida moja inayosahauliwa: siku mwekezaji mkubwa atakapoomba maji juu yenu, maji yenu yamo vitabuni. Pampu isiyoandikwa popote ni kana kwamba haipo.

Pampu ya dizeli isikae juu ya mchanga wa mtoni. Iweke kwenye karai au sinia la bati lenye mchanga, mafuta yakidondoka yabaki humo. Bomba la kupulizia dawa lisisuuzwe mtoni kabisa. Maji ya kusuuzia yamwagwe shambani kwenye mimea iliyopulizwa. Kila wanaposuuza juu, kuna anayekunywa chini.

Mfereji ndio hatari. Kukata ukingo wa Tana bila kibali ni kosa, na kabla ya kuwa kosa la sheria ni kosa dhidi ya jirani. Kama maji lazima yafike shambani, yapandishwe juu ya ukingo kwa pampu au bomba, ukingo wenyewe ubaki mzima. Mfereji wenye kibali uwe na mlango wa saruji unaofungika, na ajulikane mtu mwenye jukumu la kuufunga mto unapoanza kujaa. Mkiona mtu anachimba usiku, msingoje asubuhi ya pili. Tundu la upana wa jembe huzibwa kwa magunia ya udongo. Likishakuwa na upana wa mtumbwi, hata waliolichimba hawawezi kuliziba tena.

Mathenge

Mti huu uliletwa Hola na Bura mapema miaka ya 1980 kupambana na jangwa na kupata kuni za miradi ya umwagiliaji. Jangwa halikusikia, mathenge ndiyo iliyostawi. Huko Baringo wakaazi waliishtaki serikali kwa ajili yake, na mbuzi aliyeharibika meno kwa kula maganda yake akapelekwa mahakamani. Kwetu imeziba malka, imefunga kingo, na maji ya mafuriko hueneza mbegu zake kila mwaka.

Ukiukata juu ya ardhi unauongezea nguvu tu. Kisiki kichimbwe, mzizi ukatwe chini ya usawa wa udongo, kisha pandeni nyasi au miti mingine hapo hapo, kwa sababu ardhi tupu huirudisha. Maganda yasiliwe mazima na mifugo: mbegu hupita tumboni salama na kutoka na samadi, tayari kuota. Yakisagwa, mbegu hufa na unga wake ni chakula kizuri cha mbuzi. Miti yenyewe ni makaa. Anzeni na malka na kivuko, msijaribu kumaliza msitu mzima.

Chama cha maji

Yote niliyosema hayawezi kusimamiwa na mtu mmoja mwenye moyo mwema. Sheria ya Maji imetoa chombo chake: Chama cha Watumiaji wa Rasilimali za Maji, ambacho kila mtu hukiita kwa herufi zake, WRUA. Kazi yake kwa mujibu wa sheria ni mbili: kushirikiana katika kusimamia maji, na kusuluhisha migogoro ya maji. Hiyo ya pili ndiyo inayotufaa zaidi.

Chama kinashika eneo la mto, wala si la kabila au kata. Hapo ndipo vyama vingi hukosea tangu siku ya kwanza. WRUA yenye wakulima peke yao itakuwa chama cha kuwalalamikia wafugaji. Yenye wafugaji peke yao, vivyo hivyo. Wavuvi wawemo, wenye pampu wawemo, na shule na zahanati zinazotumia maji ya mto pia. Anzeni na mkutano kila upande wa mto kabla ya kufanya mmoja wa pamoja. Tungeni katiba fupi inayosomeka kwa Kiswahili barazani, chagueni viongozi, jisajilini, kisha mwende WRA mtambuliwe. Baada ya hapo huandikwa mpango wa kusimamia eneo dogo la maji, na huo ndio unaofungua mlango wa ruzuku za Mfuko wa Maji wa serikali, WSTF.

Neno la tahadhari. Nimeona vyama vya kila aina vikizaliwa siku ambayo gari la mradi limefika na kufa siku limeondoka. Chama ambacho kabla ya ruzuku kimesuluhisha kesi tatu za mahindi yaliyoliwa kina nguvu kuliko chenye ofisi iliyopakwa rangi. Ada ya mwanachama iwe ndogo lakini ilipwe, na hesabu isomwe hadharani kila robo mwaka, mtunza hazina akiwa amesimama.

Katika delta msianze kama hakuna aliyetangulia. Kuna kamati za vijiji za maliasili na matumizi ya ardhi zilizoundwa wakati wa kutayarisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi wa Delta ya Tana, na shirika la Nature Kenya limefanya kazi nazo kwa miaka. Wavuvi wana vikundi vyao vya usimamizi wa pwani, BMU. Palipo na msitu wa serikali, sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu vyama vya jamii. Ingizeni wajumbe wao katika WRUA badala ya kuunda kamati ya tano ya watu wale wale.

Mradi mkubwa unapobisha hodi

Delta hii imetamaniwa sana. Kati ya 2007 na 2008 kulikuwa na mpango wa miwa wa hekta zipatazo 20,000 wa mamlaka ya TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias. Ukafuatwa na mipango ya mimea ya mafuta na ya chakula cha kusafirishwa nje. Wakaazi wakaenda mahakamani. Tarehe 4 Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba delta iandaliwe mpango wa matumizi ya ardhi na kwamba wenyeji washirikishwe. Mpango wenyewe ukatoka mwaka 2015. Mwaka uliotangulia hukumu, 2012, delta ilikuwa imeingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, hekta 163,600.

Kwa mwananchi maana yake ni hii. Mradi ukija, swali la kwanza barazani ni: unaingia wapi katika mpango wa 2015, mahali pa kilimo, pa malisho au pa hifadhi? La pili: ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira iko wapi? Kisheria mamlaka ya mazingira, NEMA, lazima itangaze ripoti hiyo na kupokea maoni ya umma, na tangazo hutaja mwisho wa kupokea maoni. Maoni ya barua yenye sahihi za watu wa pande zote mbili za mto hayapuuzwi kirahisi. Leseni ikitolewa na hamridhiki, kuna siku 60 za kukata rufaa katika Mahakama Maalumu ya Mazingira, NET. Ukinyimwa nakala ya mkataba au ramani, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu.

Na kuna kifungu ambacho ningependa kila mzee wa kijiji akijue kwa namba. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kudai haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Huhitaji kungoja ng'ombe wako afe.

Mafuriko

Watu wa mbali husikia mafuriko wakafikiria maafa tu. Hapa mafuriko ndiyo yanayojaza Shakababo na Bilisa, samaki wakazaana. Ndiyo yanayootesha nyasi za kiangazi na kuleta udongo mpya mashambani. Tangu mabwawa yajengwe, kilio cha wazee kimekuwa mara nyingi cha mafuriko yasiyokuja. Yakija kwa kishindo, hata hivyo, huvunja: El Niño ya 1997 na 1998 iliharibu mashamba ya mpunga ya TARDA na matuta yake, na mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024 barabara ya Garsen kwenda Lamu ilizama. Tarehe 28 Aprili 2024, Kona Punda karibu na Madogo, mashua iliyokuwa ikivusha watu juu ya barabara iliyofurika ilizama na kuua watu.

Delta ina bahati moja: maji huchukua siku kadhaa kutoka mabwawani hadi Garsen. Siku hizo ni mali, zitumieni. KenGen, kampuni ya umeme inayoendesha mabwawa hayo, hutoa onyo Masinga linapofurika. Chama kiwe na mtu wa simu Garissa, mwingine Hola, na orodha ya nani anampigia nani hadi Ozi. Kila kijiji kisimike nguzo moja mtoni yenye alama za rangi kila nusu mita, na mtoto wa shule aandike daftarini kila asubuhi. Baada ya misimu miwili mtajua kwamba mto ukifika alama fulani, njia ya Idsowe imekatika kesho yake. Mtumbwi usipakie zaidi ya watu unaoweza, na barabara iliyofunikwa na maji yanayokimbia haivukwi, kwa gari wala kwa mguu. Shirika la Msalaba Mwekundu hupatikana kwa namba 1199 bila malipo.

Maji ya kunywa baada ya mafuriko yana kinyesi cha vyoo vilivyozama. Yaachwe yatulie, au yasafishwe kwa shabu au unga wa mbegu za mlonge hadi yang'ae, kisha lazima yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Kung'aa peke yake hakuui kipindupindu.

Chumvi ya Ozi

Mwisho wa mto nao una kazi yake. Maji ya Tana yakipungua, bahari hupanda. Wakulima wa Ozi na Kipini wanaona mpunga ukiungua na miembe ikikauka kwa chumvi, hata mahali ambapo wazazi wao walilima bila wasiwasi. Dawa kubwa ni maji ya kutosha kushuka kutoka juu, na hiyo inarudi kwenye mifereji na pampu za kila kijiji tulichopita njiani. Mikoko ya mdomoni isikatwe ovyo, kwa kuwa ndiyo inayokaa kati ya bahari na mashamba.

Kwa sasa, anayelazimika kumwagilia afuate mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, chumvi hufika mbali zaidi. Siku za maji mafu hurudi nyuma. Maji ya chumvi ni mazito na hukaa chini, ya mto huelea juu yake. Basi pampu iendeshwe maji yanapokupwa, mdomo wa bomba ufungwe kwenye jeriken tupu lililozibwa ili uelee karibu na uso wa maji, na mtu aonje kwa ulimi kabla ya kuwasha injini.